Hifadhidata ya uso wa ubongo si albamu ya picha
Wengi hudhani kwamba hifadhidata za ramani za uso wa ubongo, kama SumsDB iliyotoka katika maabara ya mwanasayansi wa ubongo David Van Essen huko St. Louis, Marekani, ni maghala ya picha tu. Sivyo. Kinachohifadhiwa hasa ni wavu wa pembetatu zinazokutana kwenye nukta: katika kiolezo (ubongo wa mfano) cha FreeSurfer, programu ya kuchambua picha za ubongo, kila nusu ya ubongo ina nukta 163,842, na kila nukta hubeba vipimo vyake, kama vile unene wa gamba, yaani tabaka la nje la ubongo. Jambo hili ni zito, kwa kuwa gamba limejikunja kama kitambaa kilichofumbatwa kiganjani. Nukta mbili zinazotazamana ndani ya mfereji mmoja wa mikunjo hiyo huonekana pichani kuwa majirani, ilhali ukiufuata uso wenyewe zimeachana kwa sentimita kadhaa.