Semina za walimu wa elimu ya awali: gawa siku, afu mfuate mwalimu darasani

Likizo ikikaribia naanza kupokea ratiba za semina za walimu wa awali, wengine wanataka niwezeshe, wengine wanataka tu niipitie niseme kama imekaa vizuri, na nyingi zina sura ileile: siku tano mfululizo ukumbini, mgeni rasmi asubuhi ya kwanza, mada nne au tano kwa siku, cheti Ijumaa mchana, watu wanapanda magari wanarudi makwao. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa watoto wadogo, na nikiulizwa nibadilishe kitu kimoja tu kwenye hizo ratiba, jibu langu ni kwamba siku zote tano zisiishie wiki moja.

Ngoja nieleze, maana hili limepimwa. Ghana, mwaka wa shule wa 2015 hadi 2016, ulifanyika utafiti kwenye shule 240 za Accra na maeneo ya jirani, za serikali na za binafsi, unaitwa Quality Preschool for Ghana. Walimu walipata siku tano Septemba shule zinapofunguliwa, siku mbili Januari na siku moja Mei, jumla nane, na katikati wakufunzi walikuwa wanawafuata madarasani kuwaangalia na kuwapa mrejesho. Mada hazikuwa za ajabu, ni kujifunza kwa michezo na kulisimamia darasa bila kiboko wala vitisho. Matokeo yake madarasa yalibadilika, watoto walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya utayari wa shule (sio kwa kiasi kikubwa sana lakini kinaonekana), na walimu wenyewe walipungukiwa na ule uchovu wa kuichoka kazi. Siku nane tu jamani! Sisi tunatumia tano kwa mkupuo mmoja afu hatuendi kumwona mwalimu hata mara moja.

Mi naisoma hivi: mwalimu akijifunza kitu Septemba anarudi darasani anakijaribu, kinakwama, Januari anakuja na maswali yake mwenyewe. Anauliza nikiwaweka kwenye kona nne za kujifunzia wanaocheza kwenye kona ya nyumbani wanapiga kelele, nifanyeje, au nina watoto themanini na jamvi moja, kona nazipanga wapi? Maswali hayo hayawezi kuulizwa siku ya pili ya semina kwa sababu bado hajayaona. Mwongozo wetu hapa Tanzania unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini tangu elimu bila ada ianze 2016 kuna madarasa ya awali yanayozidi hapo mara mbili mara tatu, kwa hiyo mwezeshaji anayefundisha kana kwamba kila mtu ana watoto 25 anaongea na walimu ambao kichwani wameshaondoka.

Na Wakenya hili wanalijua siku nyingi. NACECE, kituo chao cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, ilianzishwa 1984 na vituo vyake vya wilaya, DICECE, mwaka uliofuata, na mafunzo yao ya miaka miwili yalikuwa ya mwalimu aliyeko kazini, anakuja kusoma likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, muhula ukianza yuko na watoto wake na mkufunzi anakuja kumwona hukohuko. Programu ya Madrasa, ya shule za awali za kijamii, iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980 ikafika Zanzibar na Uganda nayo ilimfuata mwalimu shuleni, na ilijenga vifaa kutokana na vitu vya pale kijijini, vifuu, makuti, mbegu, magunzi ya mahindi. Kwa hiyo kama kuna mtu anadhani jambo hili ni la kuletwa na wafadhili juzi, hapana, lipo kwetu.

Sasa kuna kitu kingine kwenye ule utafiti wa Ghana ambacho nakitafakari sana. Kundi moja la shule lilipewa mafunzo ya walimu pamoja na mikutano ya wazazi, wazazi wakaonyeshwa video kuhusu umuhimu wa michezo, na ungetegemea hao ndio wafanye vizuri zaidi. Haikuwa hivyo, faida kwa watoto ikapotea. Wakati huohuo Malawi, kwenye vituo 199 vya kijamii vya kulelea watoto, mafunzo ya walezi wa vituo peke yake hayakuwanyanyua watoto, walipoongeza vikundi vya wazazi vya malezi ndio watoto wakaonekana kupanda. Nchi mbili, matokeo yanapishana! Nilivyoelewa mimi, kuonyeshwa video mkutanoni ni kitu kimoja na kukaa kwenye kikundi mkajadiliana kipindi baada ya kipindi ni kitu kingine kabisa. Mzazi wa kwetu mtoto akirudi anafungua daftari, akikuta hakuna kitu anaona mwalimu hajafundisha. Ukimwambia mara moja kwamba mtoto alikuwa anacheza na vizibo na huko ndiko kujifunza, unaweza ukawa umemharibia mwalimu zaidi ya kumsaidia. Ndio maana kwenye semina zangu mwalimu anafanya mazoezi ya kumweleza mzazi, kwa sauti, mwenzake akijifanya mzazi mkali: leo amepanga vizibo kwa rangi, amevihesabu hadi kumi, amegawa na mwenzake sawasawa, kesho tutaviandika. Walimu wanakuja kuniambia sehemu hiyo ndio wameitumia wiki ileile.

Lini tufanye? Hapa pagumu kweli. Likizo hakuna watoto, kwa hiyo mwalimu anafundisha watu wazima wenzake wanaojifanya watoto, na watu wazima hawakojoi kwenye jamvi wala hawalii wakimtaka mama. Muhula ukiwa unaendelea ukimtoa mwalimu wa awali siku tano darasa lake halina mtu, mara nyingi linaunganishwa na la kwanza na watoto wanakaa tu. Mi napendelea siku mbili tatu mwishoni mwa likizo ya Desemba kabla shule hazijafunguliwa, halafu zilizobaki ziwe alasiri, maana watoto wa awali wanatoka mapema kuliko wenzao na mwalimu ana muda. Na hapo tunao mpango tayari, MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unataka walimu wakutane kwenye jumuiya za kujifunza hapohapo shuleni, na moduli zipo Taasisi ya Elimu Tanzania. Shida ya mwalimu wa awali ni kwamba shuleni kwake yuko peke yake au wako wawili, jumuiya ikikaa inaongelea hesabu za darasa la sita, yeye anasikiliza tu. Dawa ni kuwakusanya wa awali wa kata nzima kwenye kituo cha walimu au shule iliyo katikati, mara moja kwa mwezi, mada moja tu, kwa muda wa saa mbili basi. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika darasani Januari 2024, kwa hiyo mada hazikosekani.

Kuhusu nani aje, naomba walimu wakuu mnisikilize. Barua ikisema mwalimu wa awali, aje anayefundisha awali. Semina yenye posho inavutia na nimeona anakuja mwalimu wa taaluma au anayekaribia kustaafu, na yule anayeshinda na watoto kabaki shuleni, inauma sana. Afu kuna walimu wasaidizi wa vituo shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama, wengi wanajitolea, hawana cheki namba (namba ya mtumishi anayelipwa na serikali), kwa hiyo kwenye orodha hawamo, wakati hao ndio wanapokea watoto wanaokaa mbali na shule mama na ndio hawajapata mafunzo kabisa. Tafuta nafasi yao, hata kama bajeti ya posho haiwagusi walipie nauli na chakula. Na walimu wengi wa awali ni kina mama, kuna wanaonyonyesha, weka chumba na mtu wa kushika mtoto, la sivyo anakaa mlango wa ukumbi mchana kutwa.

Ukumbini kwenyewe: toeni meza. Tandika majamvi, watu wakae chini kama watakavyokaa na watoto. Pawapointi mi situmii, natumia bango kitita kidogo na vitu vya kushika. Kila mwalimu namwambia aje na vizibo, maboksi, magunzi, vitambaa kutoka kwake, ili zana atakayotengeneza aweze kuitengeneza tena kesho bila kununua kitu. Vichangamshi viwe nyimbo na michezo atakayoipeleka kwa watoto, sio vya kuondoa usingizi tu. Na kila siku kila mmoja asimame afundishe dakika kumi, wenzake wamwambie walichoona.

Baada ya hapo ndio ufuatiliaji, na ndio huwa wa kwanza kukatwa pesa zikipungua. Atakayekwenda asiwe amebeba fomu ya ukaguzi, mwalimu akiona fomu anafundisha somo la maonyesho na huoni chochote. Bora awe mwalimu wa awali wa shule jirani aliyefundishwa namna ya kuangalia, akae nyuma somo zima, watoto wakiondoka wakae wawili waongelee kitu kimoja tu cha kujaribu wiki ijayo. Aende ndani ya wiki mbili baada ya semina, arudi tena muhula wa pili. Kwa hiyo ukikaa kuandika bajeti, mstari wa kwanza andika nauli ya bodaboda ya huyo mtu, halafu ndio uje kwenye ukumbi na chai, na kama hela haitoshi punguza siku za ukumbini, ukumbi wenyewe unaweza kuwa darasa la shule yoyote ya kata ambayo haina malipo.