Je, wajua kwa nini machicha ya nazi humfaa ng'ombe kuliko kuku?

Nazi ikishakunwa na tui kukamuliwa, hubaki machicha. Mbata, yaani nazi zilizokaushwa, zikishakamuliwa mafuta, hubaki mashudu. Unguja na Pemba mabaki haya hayakosekani, na kuyalisha mifugo ni bora kuliko kuyaacha yaoze jaani, kwa sababu hayahitaji shamba jipya katika visiwa ambavyo ardhi yake ni finyu. Hata hivyo, si kila mnyama anayafaidi sawasawa, na sababu imo tumboni.

Ng'ombe hucheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kile kikubwa, ambacho kwa ng'ombe mzima huweza kubeba zaidi ya lita 100, kimejaa bakteria wanaovunja nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya. Bakteria hao huitumia protini hafifu ya nazi kujijenga miili yao, kisha wao wenyewe humeng'enywa mbele ya safari, hivyo ng'ombe hupata protini bora kuliko ile aliyoila. Kuku hana msaada huo. Mashudu ya nazi yana protini ya karibu asilimia 20, lakini yamepungukiwa na laisini, kijenzi cha protini ambacho mwili wa kuku hauwezi kukitengeneza; ndiyo maana huchanganyiwa dagaa. Nguruwe, anayelishwa mabaki ya viwanda vya chakula katika nchi nyingine, naye hana tumbo la kucheua. Visiwani, ambako takriban wakazi wote ni Waislamu, kazi hiyo ni ya ng'ombe na mbuzi, na kwa mabaki yenye nyuzinyuzi nyingi naona ndio wanaostahiki.

Machicha ya jikoni bado yana mafuta mengi, na mafuta yakizidi huwadhoofisha bakteria wale wale, kwa hiyo yawe nyongeza ya majani, yasiwe mlo mzima.

Hatari kubwa zaidi ni ukungu, ambao hustawi katika joto na unyevu wa pwani na huweza kuzalisha sumukuvu. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Ng'ombe akiila, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hiyo machicha ya leo yalishwe leo, au yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, na yaliyoota ukungu asipewe mnyama yeyote, hata kwa kuchanganywa na mazuri.