Kuziba njia ya glutamati si kutuliza ubongo

Nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp: kuna mizizi inauzwa Kadutu, mtaa wa Bukavu, "inazuia usafirishaji wa glutamati", kwa hiyo inatuliza ubongo na kuponya kifafa. Na kwa vile ni ya asili, eti haina madhara. Safari hii aliyenitumia anasomea famasia! Basi, naandika.

Glutamati ni kemikali ya ubongo inayoamsha neuroni, yaani seli za neva. Ikishagonga vipokezi, yaani protini zinazoipokea juu ya neuroni, lazima iondoke upesi, na pale kwenye sinapsi, neuroni mbili zinapokutana, hakuna kimeng'enya cha kuivunja kama inavyovunjwa asetilikolini, kemikali nyingine ya neva. Inarudishwa ndani ya seli, hasa astrositi, seli zinazozihudumia neuroni, kwa protini iitwayo kisafirishaji EAAT2, ambayo husukumwa na sodiamu inayoingia pamoja nayo.

Sasa zuia kisafirishaji hicho. Glutamati itabaki wapi? Nje! Itaendelea kugonga vipokezi, kalisi ijae ndani ya neuroni, neuroni ife. Ni kama kuziba mitaro ya Kadutu mvua ikinyesha, halafu ukajisifu kwamba umezuia maji. Anayetaka kutuliza azuie kipokezi, au azuie glutamati isitolewe.

Hapo mjuaji ataniuliza: na VGLUT je? Sawa. Hicho ni kisafirishaji kingine, kinachojaza glutamati kwenye vifuko kabla haijatolewa, na ukikizuia, glutamati inayotoka hupungua kweli. Asetoasetati, ambayo ini hutengeneza mtu akifunga kula, hukizuia kwa kushindana na kloridi, ambayo VGLUT huihitaji ili kifanye kazi. Kwamba ndivyo mlo wa mafuta mengi unavyopunguza kifafa, wengine wamesadiki, mimi bado. Lakini anayesema "usafirishaji" bila kutaja upi, hajasema kitu.

Na hiyo "asili"? Mwani Digenea simplex ulikuwa dawa ya minyoo Japani. Mwaka 1953 ikatolewa humo asidi ya kaini, ambayo leo maabara huitumia kuwatia panya kifafa. Ukiiongezea haidrojeni unapata dihaidrokaineti, kizuizi mashuhuri cha EAAT2.

Tusiende mbali. Muhogo mchungu una linamarini, inayozaa sianidi. Sianidi haihitaji kuishika EAAT2: inakaba mitokondria, viwanda vya nishati vya seli, nishati hiyo (ATP) inaisha, pampu inayotoa sodiamu nje ya seli inasimama, na kisafirishaji kinachoitegemea sodiamu hiyo kinalegea, hata kugeuka na kumwaga glutamati nje. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaowapata walao muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, imeripotiwa Burhinyi, humu humu Kivu Kusini. Mtu alikuwa anatembea vizuri. Ghafla miguu inakakamaa, magoti yanasuguana, anakanyagia vidole, na haponi. Vitabu huandika "sianidi" na kufunga ukurasa. Mimi siridhiki. Thiosianati, ambayo mwili huitengeneza kutokana na sianidi hiyo kwa kutumia salfa, inadhaniwa kuipa glutamati nguvu zaidi kwenye vipokezi vya AMPA, aina mojawapo ya vipokezi vyake. Sianati, zao lingine la sianidi mwilini, nayo inashukiwa, hasa kwa mtu anayekula bugali bila nyama, samaki wala maharage, salfa yake ikiwa imepungua. Kati ya hizo tatu, ubishi haujaisha.

Unga wa muhogo wenyewe hausubiri ubishi wetu. Ulowanishe kwa maji, utandaze mwembamba kwenye mkeka, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inapaa hewani. Kisha songa bugali siku hiyo hiyo, maana ukilala utachacha.