Je, wajua kwa nini askari wa Mfalme Leopold walikata mikono ya watu Kongo?

Jibu ambalo watu wengi wanalo tayari ni kwamba mwanakijiji aliyeshindwa kuleta mpira wa kutosha alikatwa mkono kama adhabu. Limerudiwa katika simulizi, katika filamu na chini ya picha zinazosambazwa mitandaoni hata limekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Halikutungwa kutoka hewani, kwa sababu mikono ilikatwa kweli na mpira ndio uliokuwa chanzo cha yote. Hata hivyo linakosea kiini cha jambo. Sehemu kubwa ya mikono inayotajwa katika kumbukumbu za wakati huo ilikatwa kutoka kwa watu waliokwisha kuuawa, na ilikatwa kwa sababu ya hesabu ya risasi.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Leopold II wa Ubelgiji alitambuliwa kuwa mtawala wa Dola Huru ya Kongo, nchi aliyoimiliki yeye binafsi na ambayo hakuwahi kuikanyaga. Matairi ya upepo yalipoanza kuenea tangu 1888, bei ya mpira ilipanda, na misitu ya Kongo ilikuwa imejaa mitambaazi yenye utomvu huo, ndugu wa mbungo tunaoula matunda yake huku pwani. Dola ilijitangaza kuwa mwenye ardhi yote isiyolimwa na mazao yake, ikagawa maeneo makubwa kwa makampuni kama ABIR, na kila kijiji kikapangiwa kiwango cha mpira cha kuleta. Jeshi la Force Publique pamoja na walinzi wa makampuni, walioitwa makapita, ndio waliohakikisha kiwango hicho kinatimia.

Dhana ya adhabu inaanza kuyumba mara tu mtu anapojiuliza kampuni ilitaka nini. Ilitaka mpira, na mpira ule haukutoka shambani bali kwenye mitambaazi iliyopanda juu ya miti mirefu ndani ya msitu wenye maji, ambako mvunaji alilazimika kukwea, kuchanja, kukinga utomvu na kuubeba kwa mwendo wa siku nyingi. Mtu asiye na mkono wa kulia hawezi kazi hiyo. Njia za kawaida za kumlazimisha mvunaji zilikuwa nyingine, na zinaelezwa kwa wingi katika ushahidi: kupigwa kiboko, kufungwa kwa viongozi wa kijiji, na zaidi ya yote kukamatwa kwa wanawake na kuwekwa rehani hadi waume zao walete mpira. Kijiji kilichokataa kabisa au kilichokimbia kilishambuliwa kwa bunduki. Hapo ndipo mikono inapoingia.

Risasi zililetwa kutoka Ulaya, zikapandishwa mtoni na kubebwa kwa vichwa vya wapagazi, kwa hiyo kila moja ilikuwa na gharama. Aidha, maofisa wa Kizungu walikuwa wachache sana na waliwaogopa askari wengi waliowaongoza. Walihofia kwamba askari wangetumia risasi kuwinda nyama, au wangezificha kwa ajili ya maasi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana askari wa Force Publique waliasi Luluabourg mwaka 1895, na wengine wakaasi kwingineko mwaka 1897. Katika maeneo mengi ikawekwa kanuni kwamba askari anayetoka kwenda kijijini anahesabiwa risasi, na anaporudi lazima arudishe zile ambazo hakuzitumia. Kwa kila iliyotumika alete mkono wa kulia wa mtu aliyeuawa.

Tufikirie mtumishi wa halmashauri anayepewa masurufu ya safari. Akirudi, mhasibu hamuulizi kama safari ilikuwa njema; anamtaka arejeshe fedha zilizobaki na alete risiti za zile zilizotumika, na jumla ya viwili hivyo lazima ilingane na kiasi alichopewa. Mtumishi aliyetumia sehemu ya fedha kwa mambo yake ana tatizo moja tu la dharura, nalo ni kupata risiti. Haijalishi tena risiti hiyo ni ya kitu gani wala imetoka duka gani, mradi karatasi iwepo mezani siku ya marejesho. Askari wa Kongo aliyempiga nyani kwa risasi ya dola, au aliyemlenga mtu akamkosa, alikuwa katika hali hiyohiyo, na risiti iliyotakiwa kwake ilikuwa mkono wa mtu. Aliupata kwa yeyote ambaye hakuweza kukimbia, mara nyingi mwanamke au mtoto, akiwa hai. Ndiyo sababu tunazo picha za watu walionusurika bila mkono, na huenda ndiyo sababu mkono uliotakiwa ulikuwa wa kulia: asiweze mtu kuhesabiwa risasi mbili kwa maiti moja.

Ushahidi wa utaratibu huu unatoka pande kadhaa zisizotegemeana. Mwaka 1899 William Sheppard, mmishenari Mmarekani mweusi wa Kanisa la Kipresbiteri, alipelekwa kuchunguza mauaji katika nchi ya Kasai. Katika kambi ya wapiganaji wa Zappo Zap waliokuwa wakiitumikia dola, alikuta mikono ikikaushwa kwa moshi juu ya moto, akaihesabu, ikawa 81. Kiongozi wao alimweleza waziwazi kwamba walikata mikono ya kulia ya waliowaua ili kuionyesha dola idadi yao. Moshi nao ulikuwa na kazi ya wazi, kwa sababu katika joto na unyevu wa msitu risiti ya namna hiyo ingeoza kabla ya kumfikia mkaguzi.

Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri katika sehemu ya juu ya mto Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Humo amenukuliwa mtu aliyesikia hesabu ya eneo la mto Momboyo kutoka kwa ofisa wa dola: risasi 6,000 katika miezi sita. Msemaji huyo anaongeza kwamba waliokufa walizidi idadi hiyo, kwa kuwa watu walimwambia mara kwa mara kuwa askari waliwaua watoto kwa vitako vya bunduki. Naona sentensi hiyo kuwa muhimu kuliko karibu kila kitu kingine kilichoandikwa kuhusu mikono ya Kongo. Kitabu cha hesabu kilihesabu risasi. Aliyeuawa bila risasi, aliyekufa kwa njaa msituni, na mateka aliyefia katika boma hakuwa na mstari wake humo.

Hata picha ambazo watu huzitumia kuthibitisha dhana ya adhabu zinasema jambo jingine mtu akisoma maelezo yake ya awali. Katika picha moja mashuhuri wanaonekana vijana wawili, Mola na Yoka. Mikono ya Mola iliharibika kwa kuoza baada ya askari kumfunga kamba kwa kukaza mno. Mkono wa kulia wa Yoka ulikatwa na askari waliotaka kumhesabu miongoni mwa waliouawa. Mwingine ni Nsala, baba aliyepigwa picha na mmishenari Alice Seeley Harris huko Baringa mwaka 1904, ameketi barazani mbele ya mkono na mguu wa binti yake Boali. Leo picha hiyo husambazwa kana kwamba mtoto alikatwa viungo akaachwa hai. Boali aliuawa na walinzi wa ABIR, na alichokuwa nacho baba yake mbele yake ni mabaki yake.

Tahadhari inahitajika hapa. Kusema kwamba utaratibu wa risasi ndio ulioizalisha mikono mingi si kusema kwamba hakuna aliyekatwa mkono kwa hasira, kwa kutisha wengine au kwa kuadhibiwa. Zipo shuhuda zinazoelekea huko, na katika nchi kubwa namna ile, yenye makampuni mengi na kila kituo kikiwa na bwana wake, desturi hazikuwa moja. Tume ya Uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiunda mwaka 1904 ilikubali kwamba watu walikatwa mikono, lakini ilishikilia kwamba Wazungu hawakuamuru watu walio hai wakatwe na kwamba baadhi ya walionusurika walidhaniwa wamekufa. Madai hayo yalimfaa sana mfalme. Kwa upande wa watu waliodhaniwa kuwa maiti, hata hivyo, yanapatana na masimulizi ya baadhi ya waathirika, waliosema walilala kimya bila kujitikisa huku wakikatwa.

Kosa dogo katika habari za namna hii lina gharama kubwa. Casement alimtaja katika ripoti yake kijana aliyeitwa Epondo, ambaye alisema mkono wake ulikatwa na mlinzi wa kampuni. Baadaye, katika uchunguzi ulioendeshwa na mahakama za dola yenyewe, Epondo alibadili maneno na kusema aliumwa na nguruwe mwitu. Serikali ya Leopold ikalidaka jambo hilo moja na kulitangaza kana kwamba limeifuta ripoti nzima, pamoja na mamia ya mambo mengine yaliyokuwamo. Mwandishi wa riwaya anayetia chumvi leo hampelekei konsuli yeyote ripoti, lakini anamwachia mkanushaji mlango uleule.

Kwa nini basi toleo la adhabu ndilo linaloshika? Sehemu ya jibu iko katika udadisi wetu juu ya kifo, udadisi ambao watu huuonea aibu ilhali ni wa kawaida. Mwaka 2017 Suzanne Oosterwijk wa Chuo Kikuu cha Amsterdam alichapisha majaribio ambamo watu walichagua picha za kutazama. Picha za matukio ya vita, vifo na ukatili baina ya watu zilichaguliwa zaidi kuliko picha za kawaida. Picha za majeraha yaliyopigwa kwa karibu, bila watu wala tukio, hazikupendelewa hivyo. Ikiwa matokeo hayo yanafaa kupanuliwa nje ya maabara, jicho letu halitafuti damu peke yake. Linatafuta nani amemfanya nini nani, na kwa sababu gani. Simulizi la adhabu linatoa jibu la haraka: kosa, hakimu, upanga. Daftari la risasi linahitaji maelezo, na mwandishi mwenye haraka huliruka.

Na kilichoingia kwa njia ya simulizi hakitoki kirahisi. Katika jaribio la Andrew Butler na wenzake lililochapishwa mwaka 2009, wanafunzi walisoma maandishi sahihi ya historia na kutazama vipande vya filamu kuhusu mambo yaleyale. Pale filamu ilipopingana na maandishi, karibu nusu ya majibu yao yalifuata filamu. Onyo la jumla kwamba filamu huweza kupotosha halikusaidia. Kilichosaidia ni kuwaambia mapema ni jambo gani hasa lilikuwa si kweli.

Riwaya fupi ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, inaonyesha jinsi hisia za msomaji zinavyoweza kumdanganya kwa upande wa pili. Conrad alikuwa Kongo mwaka 1890, kabla ukatili wa mpira haujafika kilele, na kitabu chake, kilichotoka kwanza jaridani mwaka 1899, kinahusu pembe za ndovu; mikono haimo. Kinavyo vichwa vya watu juu ya nguzo kandokando ya nyumba ya Mzungu, na wasomaji wengi huvichukulia kuwa ndoto ya msanii. Lakini mwaka 1895 msafiri E. J. Glave aliandika kwamba vichwa 21 vililetwa Stanley Falls na kutumiwa na ofisa Léon Rom kupamba ukingo wa bustani ya maua mbele ya nyumba yake.

Watu wengi zaidi walikufa kwa njia ambazo hakuna aliyezichora. Njaa iliyofuata vijiji kuacha mashamba, malale, ndui, na watoto ambao hawakuzaliwa kwa sababu wanaume walikuwa msituni na wanawake rehani, ndivyo vilivyopunguza watu wa Kongo, kwa kiasi ambacho wanahistoria bado wanabishania kwa sababu sensa ya kwanza ya maana ilifanyika mwaka 1924. Ndivyo ilivyokuwa pia kusini mwa Tanganyika katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambamo njaa iliyosababishwa na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala iliua wengi kuliko bunduki.

Mwandishi anayetaka kuitunga upya Kongo ile halazimiki kubuni. Shuhuda za Waafrika mbele ya Tume ya Uchunguzi, ambazo ripoti ya 1905 haikuzichapisha, zilifungiwa katika nyaraka za Ubelgiji hadi miaka ya 1980. Sasa zimefunguliwa, na humo wasemaji wanataja kijiji, jina la mlinzi, jina la ndugu aliyeuawa, na mara kwa mara mahali mkono ulikopelekwa kuhesabiwa.