Je, wajua? Daktari huonaje presha ndani ya fuvu kwa kutazama picha tu?

Chukua filamu ya CT scan ya kichwa, ile ya plastiki nyeusi ambayo ndugu wa mgonjwa huitembeza kwenye bahasha kubwa ya kaki, uiinue mbele ya dirisha. Utaona duara jeupe: huo ni mfupa wa fuvu. Ndani yake kuna kijivu, na huo ni ubongo. Katikati ya kijivu kuna weusi wenye umbo la kipepeo, na pembeni, karibu na mfupa, kuna vistari vyeusi vinavyojipindapinda kama nyufa za udongo uliokauka. Asiyezoea hukodolea macho kijivu. Daktari anayetafuta presha ya ndani ya fuvu huanza na weusi.

Weusi ule ni maji. Ubongo wetu unaelea ndani ya maji maangavu ambayo kipepeo yule, yaani vyumba vya katikati ya ubongo, huyatengeneza usiku na mchana, karibu nusu lita kila siku. Kwa wakati mmoja mtu mzima huwa nayo mililita 150 hivi tu, kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku: mapya yanaingia, ya zamani yananyonywa na kurudi kwenye damu.

Tuelewane pia kuhusu neno lenyewe. Tukisema presha, wengi tunafikiria ile ya kufungwa mkanda mkononi. Hii ni nyingine kabisa. Ni mgandamizo ulioko ndani ya fuvu, na kwa mtu mzima aliyelala huwa kati ya milimita 7 na 15 za zebaki. Ikipita 20 na kung'ang'ania huko, ni hatari. Mashine ya picha haiandiki namba hiyo. Ukiitaka yenyewe, itabidi kifaa kipenyezwe kupitia tundu dogo kwenye mfupa wa kichwa, au sindano ichomwe kiunoni, kwenye uti wa mgongo, na maji yaachwe yapande kwenye mrija wa kupimia. Picha inachoonyesha ni nani kabanwa, na kabanwa kiasi gani.

Msingi wa jambo hili ulielezwa Scotland na daktari Alexander Monro mwaka 1783, kisha George Kellie mwaka 1824, na waliofuata wakaongeza habari ya maji. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani mna vitu vitatu: ubongo wa gramu 1,400 hivi, damu, na maji. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipishe.

Wa kwanza kupisha ni maji, kwa sababu yana pa kukimbilia: yanashuka kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Damu ya vena nayo husukumwa itoke. Ndiyo maana mtu mwenye uvimbe unaokua polepole anaweza kutembea miezi na miezi akilalamikia kichwa tu, hasa asubuhi anapoamka. Lakini nafasi ya kupishana ina mwisho. Kikombe kikishajaa pomoni, mililita chache tu za ziada hupandisha presha ghafla.

Kwenye picha hatua hizo zinaonekana. Vile vistari vya pembeni vinaanza kufutika, kijivu kinakuwa laini kama ugali uliosawazishwa kwa mwiko. Kipepeo anasinyaa. Tuseme ni kijana aliyeanguka na pikipiki na damu imevuja chini ya mfupa upande mmoja: damu iliyoganda huonekana nyeupe, na ubawa wa kipepeo wa upande ule unalazwa. Mstari wa katikati unaogawa ubongo pande mbili unahama. Mtaalamu anaupima kwa milimita, na ukiwa umehama zaidi ya 5, mara nyingi mazungumzo ni ya upasuaji. Kisha anatazama vidimbwi vidogo vyeusi vinavyozunguka shina la ubongo, pale panapoongoza pumzi. Vidimbwi hivyo vikiwa vimetoweka, ananyanyua simu kabla hajamaliza kuandika ripoti.

Kuyaona haya bila kumtesa mgonjwa ni jambo la juzi. Mwaka 1918 Walter Dandy, daktari wa upasuaji huko Baltimore, Marekani, alikuwa akitoa maji kwenye vyumba vya ubongo na kuingiza hewa, ili eksirei iweze kuvionyesha. Mbinu za hewa zilitumika kwa miongo kadhaa, na wagonjwa waliteseka kwa kichwa na kutapika. Nafuu ilikuja tarehe 1 Oktoba 1971 jijini London, mashine ya CT scan ya mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ilipompiga picha mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Atkinson Morley.

Kwa mtoto mchanga hadithi inageuka. Mifupa ya fuvu lake haijaungana, kwa hiyo njia ya maji ikiziba na kipepeo akatanuka, fuvu nalo linapanuka naye. Utosi unatuna, macho yanaelekea chini kama jua linalozama. Hospitali za Tanzania huuita ugonjwa huu kichwa kikubwa, na mara nyingi hutajwa pamoja na mgongo wazi. Hapa mashine ya bei kubwa si lazima: utosi ni dirisha, na ultrasaundi inapita bila mionzi yoyote. Laiti kila kliniki ya watoto ingekuwa na utepe wa kupima mzunguko wa kichwa na mtu wa kuutumia kila mwezi, wengi wangefika kabla ubongo haujawa mwembamba.

Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf na wenzake katika hospitali ya watoto ya CURE walikuza njia ya kufungua mkondo mpya wa maji kwa kamera nyembamba na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asitegemee mpira wa kupitishia maji ambao unaweza kuziba akiwa mbali na hospitali. Utafiti wao wa watoto 100, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha njia hiyo na ule mpira, na CT scan ilitumika kupima ubongo umekua kiasi gani baada ya mwaka. Hawakuona tofauti kubwa ya ukuaji wa ubongo wala wa akili. Kwa mama anayeishi siku nzima ya safari kutoka kwa daktari wa upasuaji, hiyo ni habari njema sana.

Lakini kuna presha ambayo picha huikosa. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI akipata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, fangasi huziba mahali maji yanaponyonywa kurudi kwenye damu. Maji yanazuiliwa kotekote kwa pamoja, hakuna upande unaosukuma mwingine, kwa hiyo mara nyingi CT scan inatoka safi huku mgonjwa akishika kichwa na macho yakififia. Tiba yake, pamoja na dawa, ni kuchoma sindano kiunoni na kupunguza maji, hata kila siku.

Wengi wanaikataa sindano hiyo wakiamini inaua au inapoozesha. Picha inasaidia kuondoa hofu moja ya kweli: kama kuna uvimbe mkubwa kichwani, kutoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke, ndiyo maana daktari akishuku hivyo hutaka CT scan kwanza. Isipoonyesha uvimbe, njia iko wazi. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, magoti yakivutwa kifuani, na maji yakipanda kwenye mrija kupita sentimita 25 huachwa yatiririke taratibu hadi yashuke chini ya 20. Wengi hupata nafuu ya kichwa wakiwa wamelala palepale, na bahasha yenye picha safi iko pembeni ya kitanda.