Hendikapu na mlango wa klabu: kuandaa gofu ya kirafiki Mombasa

Gofu ni mchezo ambao aliyeanza mwaka jana anaweza kumshinda bingwa wa klabu bila bingwa kulegeza mkono hata kidogo. Siri yake ni hendikapu. Mtu mzima akishindana mbio na mdogo wake ufukweni humtanguliza hatua kumi. Hendikapu, yaani mapigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu, ni hatua hizo, ila zimepigiwa hesabu badala ya kukisiwa. Na hili ndilo linaloniuma kila nikisoma historia ya mchezo huu: klabu zilizokuwa na kipimo cha haki namna hiyo ndizo zilizomfungia mtu mweusi mlango kwa miongo mingi. Ukizitafuta kanuni za kupiga mpira, huoni ubaguzi popote. Ulikaa kwenye fomu ya uanachama, kwenye orodha ya waalikwa, na kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hiyo anayeandaa shindano la kirafiki inampasa azijue kazi mbili, hesabu na mlango. Naanza na hesabu.

Tangu 2020 kuna mfumo mmoja wa hendikapu wa kimataifa. Mchezaji mpya anahitaji kadi (karatasi za kuandikia mapigo) zenye jumla ya mashimo 54, na yanaweza kuchezwa kwa vipande vya 9 au 18. Hii ni nafuu kwetu, maana kiwanja cha Mombasa Golf Club, kilichoko juu ya majabali ya bahari si mbali na feri ya Likoni tangu 1911, kina mashimo 9, ilhali Nyali kuna 18. Kabla mchezaji hajapata hendikapu, shimo moja haliandikwi zaidi ya pari na mapigo 5, hata kama kweli amepiga 13. (Pari ni idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kumalizia shimo.)

Kila kiwanja kilichopimwa kina namba mbili. Moja ni kipimo cha kiwanja, yaani mapigo ambayo mchezaji asiye na hendikapu hutarajiwa kutumia. Ya pili ni slopu, inayoonyesha kiwanja kinamwadhibu mchezaji wa kawaida kiasi gani kuliko hodari. Huanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya wastani. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanja chako kina pari 71, kipimo 71.2 na slopu 124. Mwanaidi amemaliza kwa mapigo 98. Toa 71.2, inabaki 26.8. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 124, unapata 24.4. Kadi zake nyingine mbili zimetoa 25.9 na 27.0. Mwenye kadi tatu huchukuliwa iliyo ndogo kabisa, kisha hupunguzwa 2.0, kwa hiyo indeksi yake ya kwanza, yaani namba rasmi ya uwezo wake, ni 22.4. Akifikisha kadi 20, mfumo utachukua wastani wa 8 bora kati ya 20 za karibuni. Hakuna anayeruhusiwa kupita 54.0.

Indeksi si idadi ya mapigo unayopewa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Lazima ibadilishwe kuwa hendikapu ya kiwanja mnachocheza siku hiyo: indeksi mara slopu, gawanya kwa 113, halafu ongeza tofauti ya kipimo cha kiwanja na pari. Kwa Mwanaidi inatoka 24.78, yaani 25. Kombo, mchezaji mzuri mwenye indeksi 6.1, anapata 6.89, yaani 7. Wakicheza shimo kwa shimo, wawili wao tu, Mwanaidi hupewa tofauti yote: mapigo 18, moja kwa kila shimo. Wasikubali kupunguziana kwa mazungumzo pale kwenye tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia mchezo. Mazungumzo hayo humpendelea mwenye sauti kubwa, na mgeni hukubali hasara kwa haya.

Upepo je? Wakati wa kusi, shimo lilelile ulilolifikia kwa fimbo ndogo mwezi Machi linaweza kudai fimbo iliyo kubwa kwa ngazi mbili mwezi Julai. Kipimo cha kiwanja hakibadiliki kwa ajili ya upepo wa siku moja, lakini zikiwasilishwa kadi za kutosha siku hiyo, angalau 8, mfumo hulinganisha alama na matarajio, nao unaweza kurekebisha matokeo kwa kati ya −1 na +3. Kadi zirudishwe siku ileile basi. Kadi iliyosahaulika kwenye mfuko wa begi kwa wiki haiingii katika kukokotoa marekebisho ya siku ilipochezwa.

Kwa kundi lenye viwango vilivyotawanyika, ninashauri Stableford, mtindo uliochezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932 na kubeba jina la daktari aliyeubuni. Baada ya kutoa mapigo ya hendikapu, pari ni pointi 2, pigo moja juu ya pari ni pointi 1, moja chini yake ni 3, mawili chini ni 4. Ukiharibu shimo unapata sifuri, unaokota mpira, mnaendelea. Katika mchezo wa kuhesabu mapigo yote, shimo moja la mapigo 11 humvunja mwanafunzi moyo saa nne zilizobaki. Hapa limemgharimu pointi 2 tu. Katika Stableford ya mtu mmoja mmoja kila mchezaji hutumia asilimia 95 ya hendikapu ya kiwanja: Mwanaidi 24, Kombo 7. Mapigo 24 maana yake ni moja kwa kila shimo, na la pili kwenye mashimo 6 magumu zaidi kwa mpangilio ulioandikwa kwenye kadi. Atakayefikisha pointi 36 amecheza sawasawa na kiwango chake. Atakayeleta 45, mpongeze, halafu angalia kama kadi zake za mechi za kirafiki zilikuwa zikirudishwa. Anayeficha makali anadhulumu wote, na dawa yake ni kamati kudai kadi zote, nzuri na mbaya.

Sasa tuseme watu ni 24. Wapange kwa indeksi kutoka ndogo hadi kubwa, wagawe mafungu manne ya watu sita, kisha chukua mmoja kutoka kila fungu. Umepata timu sita, kila moja ina hodari mmoja na mgeni mmoja. Hesabu pointi mbili bora za timu katika kila shimo, na hapo tumia asilimia 85 badala ya 95, kwa sababu kuchagua bora kati ya wanne humfaa zaidi mwenye hendikapu kubwa, ambaye alama zake hupanda na kushuka. Waachanishe dakika 10. Timu ya kwanza ikiondoka saa 1 asubuhi, ya mwisho itatoka saa 1 na dakika 50, na wote watakuwa wamerudi kabla jua la saa saba halijawachoma. Wenyewe kwa wenyewe watapendelea kucheza na marafiki zao. Usikubali. Upangaji huu ndio moyo wa siku yote.

Makosa mengine ninayaona mara kwa mara. Watu huandika kadi zao wenyewe. Wachezaji hubadilishana kadi mwanzoni, mwenzako akaandika yako, na mwisho nyote wawili mkaweka sahihi. Mpira hutafutwa dakika 3, si 5 kama zamani. Fimbo zisizidi 14 kwenye begi. Na bahari: soma kanuni za kiwanja kabla ya kuanza, kwa sababu mpira ulioangukia eneo la adhabu lenye vigingi vyekundu unakugharimu pigo moja na kuudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili, kutoka usawa wa goti, ila ulioenda nje ya mipaka unakurudisha ulipopigia. Tofauti ya rangi ya kigingi inaweza kugeuza shindano. Mkifungana, linganisheni mashimo 9 ya mwisho, kisha 6, kisha 3, kisha la 18.

Hiyo ndiyo hesabu. Mlango una historia ndefu zaidi.

Mwaka 1896, katika mashindano ya wazi ya Marekani kule Shinnecock Hills, wachezaji kadhaa walitishia kujitoa kwa sababu kijana mweusi, John Shippen, na Oscar Bunn, mwenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wamejiandikisha. Waandaaji walijibu kuwa mashindano yataendelea hata wakibaki wawili hao peke yao. Hakuna aliyejitoa. Tazama jinsi jambo lilivyokuwa jepesi: uamuzi mmoja wa kamati, asubuhi moja. Miaka mitatu baadaye George Grant, daktari wa meno mweusi wa Boston, alipata hataza ya kijiti cha mbao cha kuwekea mpira. Kabla ya vijiti, watu walifinyanga kichuguu cha mchanga mbichi kwenye tii.

Halafu mlango ukafungwa kwa maandishi. Mwaka 1934 chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kiliingiza katika katiba yake kifungu cha kuwapokea Wazungu pekee. Kilidumu hadi Novemba 1961. Bill Spiller na Ted Rhodes waliposhtaki mwaka 1948 baada ya kuzuiwa Richmond, California, kesi ilimalizwa nje ya mahakama kwa ahadi kwamba ubaguzi utakoma. Mashindano yaliyoitwa ya wazi yakaanza kuitwa ya mwaliko, na wao hawakualikwa. Naomba kila mwanakamati aisome sentensi hiyo mara mbili. Neno moja kwenye tangazo lilitosha kurudisha kila kitu kilipokuwa.

Charlie Sifford alikuwa ameanza kama kedi, akibeba mabegi utotoni North Carolina. Alipopata nafasi kamili mwaka 1961 alikaribia miaka 40. Alishinda Hartford mwaka 1967 na Los Angeles mwaka 1969, na bado Masters, mashindano makubwa ya klabu ya Augusta, haikumwalika, kwa kuwa ushindi wa mashindano ya kawaida ulikuwa haujawa tiketi ya kuingia. Kanuni ilipobadilishwa mwaka 1972, kwamba mshindi anaingia moja kwa moja, hiari ya mwenye nyumba iliondoka. Lee Elder alishinda Pensacola mwaka 1974 na mwaka 1975 akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters. Klabu hiyohiyo ya Pensacola ndiko Elder na wenzake weusi walikobadilishia nguo kwenye maegesho ya magari mwaka 1968, kwa kuwa hawakuruhusiwa ndani. Tiger Woods akaja kushinda Masters ya 1997 kwa mapigo 12, lakini klabu yenyewe ilikuwa imempokea mwanachama mweusi wa kwanza mwaka 1990 tu, na wanawake ikawangojesha hadi 2012.

Kwetu, chini ya ukoloni, Mwafrika alikanyaga kiwanja cha gofu akiwa kedi au mkata nyasi. Wazungu walikuwa na klabu zao, Wagoa zao, Wahindi zao. Uhuru uliondoa rangi kwenye sheria. Ila mwombaji bado hudaiwa ada ya kujiunga na wanachama wa kumpendekeza, na asiyemjua mtu ndani hana wa kumwekea sahihi. Huu nao ni mwaliko kwa jina jingine. Makedi wa Pwani wanakijua kiwanja kuliko wanachama wengi: wapi grini, nyasi fupi zinazozunguka shimo, inateremka kuelekea baharini, wapi kusi inageuka. Wengi hawana indeksi kwa sababu hakuna aliyewatilia sahihi kadi tatu.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza shindano, fanya haya. Andika sharti la kuingia ambalo mtu anaweza kulitimiza bila kukujua: indeksi halali, ada iliyotajwa kwa shilingi, tarehe ya mwisho, na wa kwanza kujiandikisha ndiye wa kwanza kupata nafasi. Tenga wiki tatu kabla yake kwa ajili ya kadi za wapya, makedi wakiwemo, ukiwapangia wachezaji wazoefu wa kuwaandikia. Kopesha fimbo, mgeni anamudu raundi nzima kwa saba: moja ya mbao, mseto mmoja (kati ya mbao na chuma), chuma namba 6, 7 na 9, ya mchangani na ya kusukumia. Kanuni ya mavazi itaje kinachohitajika, shati lenye kola na viatu vya mpira, wala isiachwe kwa macho ya mlinzi wa getini. Kama ni Ramadhani, anza alfajiri, na futari iandaliwe pamoja na tuzo.

Na kuhusu tuzo, kuna kisa kimoja cha bahari yetu hii hii. Sewsunker Sewgolum, Mhindi wa Durban aliyeitwa Papwa, kedi wa zamani aliyeshika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akarudia 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open mjini kwao. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jengo la klabu, na kikombe alikabidhiwa nje, kwa sababu sheria haikumruhusu kuingia. Weka meza ya tuzo ukumbini, weka viti vya makedi wote waliobeba mabegi siku hiyo kwenye meza zilezile za timu zao, na usianze kusoma majina kabla hawajaketi.