Je, wajua kwa nini ndege huvuliwa rangi ya zamani kabla ya kupakwa mpya?

Shirika la ndege linapobadilisha rangi na nembo zake, au ndege inapouzwa kwa shirika jingine, wengi hudhani kinachofuata ni kazi nyepesi: ndege inaoshwa, rangi mpya inapakwa juu ya ile ya zamani, kisha inarudi angani. Kwa kawaida haiwi hivyo. Rangi ya zamani huondolewa kwanza, na kuiondoa ni kazi kubwa na yenye hatari zake. Ndege ndogo ya abiria huchukua takriban wiki moja karakanani, na kubwa huweza kufika wiki mbili.

Sababu inayotajwa sana ni uzito. Rangi iliyo kwenye Boeing 747 moja huwa na uzito wa takriban kilo 250, na injini huchoma mafuta kuubeba mzigo huo kila safari. Hilo ni kweli, lakini uzito peke yake hauelezi mambo yote. Jambo zito zaidi ni unene. Matabaka yote ya rangi ya ndege kwa pamoja huwa chini ya robo ya milimita. Ndege ikipanda, mwili wake hutanuka kwa shinikizo la hewa iliyo ndani, na ikishuka husinyaa, huku baridi ya nje ikifika nyuzi 50 chini ya sifuri. Rangi lazima inyumbuke pamoja na bati lililo chini yake. Ikiwa nene kupita kiasi hukakamaa na kupasuka, na kwenye nyufa hizo ndimo unyevu unapoingia na kuanza kula metali. Kwenye pua ya ndege kuna rada ya hali ya hewa, na rangi nene hudhoofisha mawimbi yake. Kwenye ndege ambazo mwili wake umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni badala ya bati hali ni ngumu zaidi: radi inapoipiga ndege, rangi nene huizuia radi hiyo kuhamahama juu ya mwili, kwa hiyo joto lote hushukia mahali pamoja.

Hata hivyo, si kila mara ndege hufikishwa kwenye bati tupu. Rangi ya zamani ikiwa bado imeshika vizuri na unene unaruhusu, inaweza kupigwa msasa kidogo na kupakwa juu yake. Ila nafasi hiyo huisha upesi, kwa kuwa kila tabaka linahesabiwa.

Sasa, rangi iliyotengenezwa kustahimili jua kali, mvua na mafuta ya mitambo hutolewaje? Ni rahisi kufikiri kwamba dawa ya kutolea rangi huiyeyusha. Haiiyeyushi. Rangi ya ndege ikishakauka huwa kama wavu mmoja mkubwa wa molekuli zilizofungamana, na wavu huo hauyeyuki. Dawa hupenya ndani yake na kuuvimbisha. Fikiria karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi kisha ikalowa maji. Inataka kupanuka, lakini gundi imeishikilia kila upande. Haina pa kwenda ila nje, kwa hiyo inafanya viputo na mikunjo, na kila mkunjo unaoinuka unaing'oa karatasi kwenye gundi kidogo zaidi. Ndivyo rangi ya ndege inavyojikunja saa kadhaa baada ya kupakwa dawa, ikabaki inaning'inia vipande vipande. Kwa miaka mingi dawa iliyotumika zaidi ilikuwa dikloromethani, ambayo mvuke wake ni hatari kwa binadamu. Karakana nyingi zimehamia kwenye alkoholi ya benzili, inayofanya kazi polepole zaidi.

Vipande hivyo hukwanguliwa kwa vifaa vya plastiki au mpira na kusukumwa kwa maji. Chuma chenye makali hakiruhusiwi, na katazo hilo lina historia. Kwenye Boeing 737 kadhaa iligundulika mikwaruzo myembamba kandokando ya maungio ya mabati, iliyoachwa na vifaa vikali vilivyotumika kuondoa gundi ya maungio wakati wa maandalizi ya kupaka rangi upya. Mkwaruzo kama huo, ukivutwa na shinikizo safari baada ya safari, unaweza kuwa ufa.

Kwa ndege za kaboni kama Boeing 787 na Airbus A350, dawa hizo kali hazifai, kwa sababu huweza kushambulia utomvu unaoshikanisha nyuzi. Huko kazi ni ya msasa, kwa uangalifu mkubwa. Mzozo mkubwa wa Qatar Airways na Airbus ulitokana na kazi ya namna hii: A350 moja ilipelekwa Shannon, Ireland, ipakwe rangi za Kombe la Dunia la 2022, na katika maandalizi zikaonekana kasoro chini ya rangi. Airbus ilishikilia kwamba usalama haukuguswa, shirika likapinga, na wakapatana Februari 2023.

Upakaji wenyewe ni wa haraka kuliko maandalizi: tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi, kisha mara nyingi tabaka angavu la juu. Sehemu mojawapo isiyoweza kufanywa kwa haraka ni usukani wa mkia, yaani bamba linalogeuka nyuma ya mkia wa wima. Usukani huo umening'inizwa kwenye bawaba, na uzito wa mbele na wa nyuma ya bawaba lazima ulingane ndani ya mipaka midogo. Eneo lake kubwa liko nyuma, kwa hiyo rangi ya ziada huufanya uelemee upande huo, na usukani usio na mizani unaweza kutetemeka kwa nguvu katika mwendo wa kasi hadi uharibike. Ndiyo maana hupimwa mizani yake baada ya kupakwa, na inapobidi hurekebishwa. Pia ndiyo maana ndege mpya ikitoka kiwandani ingali na rangi ya kijani ya kuzuia kutu mwili mzima, usukani wake mara nyingi tayari una rangi kamili za shirika lililoinunua: ulipakwa na kupimwa kabla ya kufungwa.